Nyumba Ambayo Dada Pasi Hakuilalia

Simu iliita kinyozi akiwa amemaliza nusu ya kichwa cha mteja. Alipoona ni binti wa dada yake, aliipokea, mashine bado inanguruma mkono wa pili.

"Mjomba, umekaa?"

"Nimesimama, nina mteja. Kuna nini?"

"Mama ametuacha, Mjomba. Aliamka vizuri, akasali, akasema anajinyoosha kidogo. Nimekwenda kumwamsha anywe chai..."

Maneno mengine hayakumfikia. Alizima mashine, akajikuta ameketi kwenye benchi la wanaosubiri. Mteja, mzee wa mtaa uleule, alikuwa akimtazama kwenye kioo. Akajivua shuka shingoni, akalikunja, akavaa kofia juu ya kichwa kilichonyolewa upande mmoja.

"Nenda, baba," akasema. "Nywele si ugonjwa."

Marehemu alikuwa dada yake wa pekee, tena ndiye aliyemlea. Watu walimwita Dada Pasi, kwa sababu maisha yake yote ya kazi aliyamaliza katika chumba cha kufulia cha hospitali, akinyoosha mashuka ya wagonjwa na makoti ya madaktari. Mikono yake ilikuwa na makovu madogo ya kuungua mpaka kwenye viwiko. Ukiingia kwake umekunja uso, alikuambia, "Lete hapa niupige pasi." Ukicheka, alikuwa ameshamaliza kazi.

Mume alimwacha mjane mapema. Alimlea binti yake na mdogo wake pamoja, katika vyumba vya kupanga. Kila mwenye nyumba alipokitaka chumba chake, Dada Pasi alifunga virago bila kelele. "Kwake ni kwake," alisema, kisha akafagia chumba kabla ya kukabidhi ufunguo. Ila jioni, akipiga magoti, ombi lake halikubadilika: "Mungu wangu, nijalie mlango ambao hakuna atakayeugonga kuniambia nihame."

Alipostaafu akapata kiinua mgongo, akaanza kutafuta. Akaipata nyumba ndogo ya vyumba viwili na sebule, nyuma ya kiwanda cha matofali. Muuzaji alikuwa dereva mstaafu wa malori. Yeye na mkewe, ambaye miguu ilikuwa inamsumbua, walitaka kuhamia kwa mtoto wao mkubwa.

Kinyozi alimsindikiza kwa wakili, mama mmoja mwenye ofisi juu ya duka la dawa. Dada Pasi aliketi pochi mapajani, akaanza kuuliza. Je, jina la huyu mzee ndilo lililoko kwenye daftari la msajili wa ardhi? Je, nyumba haijawekwa rehani benki? Je, mipaka imepimwa, na majirani wanaikubali?

"Mama," wakili akacheka, "unauliza kama unayemhoji mchumba wa binti yako."

"Mchumba akinishinda namrudisha kwao. Nyumba nitairudisha wapi?"

Akaendelea. "Sasa niambie, inakuwa yangu siku gani? Siku ya kulipa?"

"Hapana."

"Siku ya kutia sahihi?"

"Sahihi inamfunga muuzaji asikugeuke. Lakini unakuwa mwenye nyumba siku msajili atakapoliandika jina lako."

"Na Mungu akiniita hapo katikati?"

Kinyozi alikohoa. Hakupenda mazungumzo ya namna hiyo, akageukia dirishani kutazama watu waliokuwa wakipita chini. Kwa hiyo jibu la wakili lilipita karibu na sikio lake bila kuingia.

Ilipofika zamu ya muuzaji kutia sahihi, yule dereva alisema, "Mke wangu hawezi kupanda ngazi hizi. Nitamwekea yake mimi."

"Hapana, baba," Dada Pasi akasema. "Nyumba aliyopika na kulea humo miaka yote, leo umzunguke?"

Wakili akamuunga mkono. Bila ridhaa ya mke, alisema, mauzo yanaweza kuja kupingwa mahakamani. Basi wakachukua karatasi wakamfuata mama wa watu kitandani. Wakili alimsomea kifungu kwa kifungu, na kila kifungu Dada Pasi aliuliza, "Mama, hapo umeridhika?" Yule bibi alitia sahihi taratibu, kisha akamshika mkono.

"Mwanangu, mbona umejisumbua hivi?"

"Nataka nikiingia mimi, wewe uwe umetoka kwa roho safi."

Tangu hapo, kila Jumapili baada ya ibada, alikwenda kumkanda bibi miguu na kumpigia pasi magauni yake.

Malipo yakaisha, mzee na mkewe wakahamia kwa mtoto wao. Karatasi zikapelekwa kwa msajili, zikasubiri zamu yake. Kinyozi, ambaye kila mteja aliyekaa kwenye kiti chake alishasikia kwamba dada yake amenunua nyumba, hakuelewa kinachosubiriwa.

"Dada, si umeshalipa? Ingia basi. Tundika hata pazia."

"Nitundike pazia kwa mtu? We nyoa watu, niache mimi na nyumba yangu ambayo si yangu."

Mambo yalikuwa yamefikia hapo Mungu alipomchukua.

Siku ile ya msiba, katikati ya machozi, kinyozi alilitaka jambo moja tu: dada yake asitolewe kwenda kuzikwa kutoka kwenye chumba cha kupanga. Aliyehamishwa maisha yake yote atoke safari hii kwenye mlango wake mwenyewe. Hakumuuliza mtu. Aliwaambia waombolezaji kwamba maziko yatafanyika kesho, na kwamba watakusanyikia nyumba mpya. Akawatuma watu wa turubai wakafunge huko mara moja.

Baada ya muda mfupi walirudi na turubai lao likiwa limekunjwa. Kinyozi akaenda mwenyewe, shati nje, akamkuta mtoto mkubwa wa muuzaji amesimama mbele ya kufuli.

"Nani amewaruhusu?" yule akauliza.

"Hii ni nyumba ya marehemu!"

"Marehemu alikuwa mnunuzi. Mnunuzi akifa, biashara imekufa. Hela zenu mtarudishiwa, tukijaliwa."

Hapo maneno yakawaka. Kinyozi alisema mambo ambayo hayasemwi na mtu aliyefiwa, na majirani ndio waliowatenganisha. Alikwenda moja kwa moja kwa wakili, akapanda ngazi akihema.

"Ni kweli biashara imekufa?"

Wakili alimpa pole kwanza, akamkalisha. "Si kweli. Mkataba haukufa. Mtakwenda mahakamani, mahakama imteue msimamizi wa mirathi, naye atamalizia pale marehemu alipoishia. Mwishowe nyumba itaandikwa jina la warithi. Nilimweleza dada yako, nawe ulikuwepo."

"Basi ni yetu. Nikavunje kufuli?"

"Usiguse! Leo hii bado iko kwenye jina la mzee. Mna haki ya kuipata. Haki ya kuingia bado."

"Kwa hiyo dada yangu atokee kwenye nyumba ya kupanga?"

Wakili alivua miwani. "Hilo halimo kwenye sheria, ndugu yangu. Wenyewe wakipenda watawafungulia. Kaombe."

Kuomba! Baada ya matusi yale? Alikaa kwenye ngazi za duka la dawa, akainamisha kichwa, akasali kwa sauti ya chini mpaka watu wakaanza kumpisha kama mgonjwa. Kisha akarudi msibani, akiwa bado hajui aanzie wapi.

Hakuhitaji kwenda. Jioni ile gari la kukodi lilisimama nje, akashuka yule bibi, huku mumewe amemshika mkono, na mtoto wao akifuata nyuma kwa uso uliofura. Binti wa marehemu alimkimbilia, wakalia pamoja wamekumbatiana. Bibi alipokalishwa alisema, "Kesho nitawafungulia."

"Mama!" mtoto wake akadakia. "Hawa ukiwafungulia hawatoki. Na wewe huelewi mambo ya karatasi."

"Sielewi? Nilisomewa. Kitandani kwangu, neno kwa neno, na marehemu akaniuliza kila mara kama nimeridhika. Wewe mwaka huu umeniuliza nini, zaidi ya chakula kiko wapi?"

Kicheko kilipita kati ya waliokaa kwenye mikeka, kikazimika upesi kwa heshima ya msiba. Mtoto akatazama chini. Baba yake akaongeza, "Nami nilitia sahihi. Sigeuki."

Kinyozi alipiga magoti mbele ya bibi. "Mama, nisamehe. Nilileta turubai kabla ya kubisha hodi."

"Umefiwa, baba. Inuka. Ila nikiwafungulia, mkimaliza nitafunga mwenyewe, mpaka karatasi zitimie. Sawa?"

"Sawa, Mama."

Kesho yake asubuhi bibi alifungua kufuli kwa mkono wake. Vyumba vilikuwa vitupu, vimefagiliwa. Jeneza liliwekwa sebuleni juu ya mabenchi mawili yaliyotoka kwenye saluni ya kinyozi. Hapakuwa na viti, kwa hiyo watu walisimama, isipokuwa bibi. Mchungaji alisoma, akaomba, wakaimba. Binti aliweka kiganja juu ya jeneza, akakaa hivyo mpaka wimbo ukaisha. Kinyozi alitakiwa aseme machache juu ya dada yake. Alisema, "Alinilea," akarudi kusimama kando ya binti.

Wabebaji walipotoka, mtoto wa muuzaji alishika pembe moja ya jeneza. Bibi alifunga mlango nyuma yao, akatia ufunguo mfukoni.

Makaburini waliomba tena. Jeneza likashushwa, kila mtu akatupa udongo, wanaume wakajaza kaburi kwa kupokezana sepetu. Kinyozi hakumpa mtu ya kwake mpaka mchungaji alipomshika bega. Walipanda msalaba wa mbao, wakamkabidhi kwa Mungu, wakatawanyika. Kinyozi na binti wa dada yake walirudi kwenye kile chumba cha kupanga, kwa sababu ndiko vitu vya marehemu vilikokuwa.