Swali la Kumi na Nne kwenye Fomu ya Baba

Nchi aliyokuwa akiishi dada yangu sitaitaja. Nimekosana nayo, na mimi nikikosana na mtu simtaji jina. Inatosha kusema ni Ulaya, kuna baridi, na masista walimpeleka huko kusomea uuguzi muda mfupi kabla ya Uhuru. Akaolewa hukohuko, akapata nyumba yenye chumba cha ziada. Mama alipofariki, dada aliandika barua akisema Baba asibaki peke yake kihambani, kwenye nyumba na shamba letu la migomba, aje amalizie uzee wake kwake.

Baba alikuwa fundi seremala wa misheni kule Kilema, amestaafu, mikono yake bado inanuka mbao. Nilimsomea barua jikoni, akaniambia niisome tena. Kisha akauliza kama huko ndizi zipo. Nalisema hili wazi kwa sababu baadaye ukoo ulieneza kwamba mzee hakutaka, kwamba Mchagga gani anaacha migomba na makaburi ya wazazi wake akafie kwenye theluji ya watu. Ni uongo. Baba alitaka kwenda. Dada alikuwa kipenzi chake, na kulikuwa na wajukuu wawili huko aliowajua kwa picha tu. Jioni alikuwa akiziegemeza zile picha kwenye kikombe anakula akizitazama.

Mimi ndiye kitinda mimba, na kwa desturi yetu kihamba cha baba ni cha kitinda mimba, kwa hiyo akiondoka kingebaki mikononi mwangu mapema. Watu walinitania kwamba namharakisha mzee. Nilikuwa naishi Bomang'ombe wakati huo, karani wa masijala katika ofisi ya wilaya. Kazi yangu ilikuwa kupokea barua, kuzipiga mhuri, kuziingiza kwenye majalada na kuyafunga majalada kwa kamba. Basi ikaonekana ni jambo la kawaida kabisa kwamba makaratasi ya Baba niyashughulikie mimi.

Na makaratasi yalikuwepo. Ili mzee wa miaka karibu sabini akae kwenye chumba cha binti yake, serikali mbili zilihitaji kujua kila kitu isipokuwa kama anapendwa. Tulianza kwa balozi wa nyumba kumi, akaandika kwamba anamfahamu. Tawi la chama likaandika kwamba balozi anafahamika. Kata, wilaya, mkoa, kila mmoja akimthibitisha aliye chini yake. Cheti cha kuzaliwa hakuwa nacho, kwa sababu siku aliyozaliwa hakukuwa na mtu kijijini aliyejua kuandika. Tulitoa cheti cha ubatizo, ambacho padri wa zamani alikisia mwaka. Pasi ilitoka Dar es Salaam baada ya miezi saba. Ubalozi ukataka picha ya mapafu, kadi ya chanjo, barua ya mwajiri wa dada, barua ya mume wa dada, na ramani ya nyumba inayoonyesha chumba atakacholala mgeni na dirisha lake liko upande gani. Baba alilipenda hilo la dirisha. Alisema angalau wanajua nyumba inavyotakiwa kuwa.

Mwisho wakataka cheti cha polisi cha tabia njema, na fomu ndefu ya maswali, katika lugha yao na chini yake Kiingereza. Baba hakujua yoyote kati ya hizo. Nilikuwa namsomea kwa Kiswahili, anajibu, naandika. Swali la kumi na nne liliuliza kama mwombaji amewahi kutiwa hatiani na mahakama yoyote, ya nchi yoyote, kwa kosa lolote.

Nililisoma kwa sauti ileile niliyosomea mengine. Baba alikuwa anamenya ndizi za mtori. Hakuacha kumenya.

"Hapana," akasema.

"Baba, wanasema mahakama yoyote."

"Lile liliisha, mwanangu. Liliisha kwa isale. Nikilitaja leo namtukana mdogo wangu. Andika hapana."

Sasa lazima nieleze hilo lililoisha, na sipendi kulieleza. Miaka ya mwanzo ya Uhuru, baba mdogo, ambaye kihamba chake kinapakana na chetu, alisogeza mpaka. Mipaka yetu ni masale, ile mimea ya majani marefu isiyokufa hata ukiitupa jalalani, na yeye aliing'oa usiku mmoja akaipanda upya hatua mbili ndani kwetu, akiumeza mstari wa kahawa aliopanda Baba. Baba alikwenda kwa wazee wa ukoo, wakasema watakaa. Hawakukaa. Mimi nilikuwa na miaka ishirini, nimepata nafasi ya chuo, najiona mwanamume. Jumapili moja, watu wote wakiwa misani, nilichukua panga nikavuka mfongo, mfereji wetu wa maji, nikakata miti ya kahawa ya baba mdogo. Si ile ya mpakani tu. Nilikata mpaka mkono ukachoka.

Wasiojua kahawa watasema ni miti tu. Kwetu kukata kahawa ya mtu ni kumkata ada za watoto wake na bati la nyumba yake, na sheria nayo ilikuwa kali juu ya hilo. Baba mdogo alikwenda polisi, kesi ikafika mahakamani. Kabla sijafungua mdomo, Baba alisimama akasema ni yeye. Nyumbani aliniambia maneno machache sana: wewe unakwenda chuo, mimi nimekwisha soma. Akafungwa miezi miwili mjini. Alipotoka, kidole chake cha shahada kilikuwa kimekatika ncha katika karakana ya gereza, yeye ambaye miaka yote ya misheni msumeno haukuwahi kumgusa.

Halafu alifanya kile ambacho mtu wa kwetu anafanya. Alichukua jani la isale, akalifunga fundo, akampa mzee wa ukoo ampelekee mdogo wake. Mtu akiletewa isale hakatai, labda awe ameamua kuutafutia ukoo wake laana. Mbuzi akachinjwa, mbege ikanywewa kwenye kibuyu kimoja, masale yakarudishwa mahali pake. Tangu hapo neno lile halitajwi. Anayelitaja ndiye mkosaji, na anayeulizwa anajibu kwamba halikuwepo. Hivyo Baba hakusema uongo hata kidogo. Aliulizwa juu ya kitu ambacho, kwa sheria pekee aliyoiamini, hakikuwepo tena.

Lakini mimi nilikuwa karani wa masijala. Mimi nilijua vizuri kuliko mtu yeyote kwenye mlima ule kwamba jalada halinywi mbege. Nilijua kwamba mahali fulani kuna kamba, na ndani ya kamba kuna jina la Baba. Ningeweza kumweleza. Ningeweza kukaa naye siku nzima nikamweleza kwamba Wazungu hawajui isale, kwamba kutaja kwenye karatasi si kutaja mbele ya ukoo. Sikufanya hivyo, na sababu yake naijua: ningeandika ndiyo, mstari wa chini ulitaka maelezo, na maelezo yale yalikuwa mimi. Nikaandika hapana kwa mwandiko mzuri. Baba akaweka sahihi. Nikaituma fomu ubalozini kwa rejista.

Polisi Moshi walimchukua alama za vidole, na kwenye nafasi ya kidole cha shahada askari akaandika maelezo kwa sababu alama haikukamilika. Alama zikapelekwa Dar es Salaam. Baba alirudi nyumbani akajitengenezea sanduku la safari la mbao za mringaringa, limeunganishwa bila msumari hata mmoja. Majirani walikuja kuliona. Alimwachia baba mdogo kazi ya kutazama maji ya mfongo atakapokuwa hayupo, na wakacheka wote wawili kwamba huko Ulaya maji yanakuja yenyewe.

Baada ya miezi mitatu tukaitwa kituoni. Ofisa aliyetupokea alikuwa mtu wa Ziwa, mpole, alimwamkia Baba shikamoo kabla hajakaa. Mbele yake kulikuwa na jalada la zamani, rangi imekwisha, na kamba yake ilikuwa aina ileile ninayofungia mimi.

"Mzee," akasema, "hapa panaonyesha ulifungwa. Na ubalozini nasikia ulijaza kwamba hujawahi."

"Lile liliisha kwa isale, afande."

Ofisa akaniangalia nimweleze. Nikamweleza isale ni nini, nikajisikia namvua Baba nguo mbele ya watu. Alisikiliza mpaka mwisho, hakucheka. Ningependa angecheka, ningepata mtu wa kumchukia.

"Nakuelewa," akamwambia Baba. "Kwetu pia tuna namna zetu. Ila ungeandika tu, mzee wangu. Miti ya kahawa, zamani hizo, wangesoma wakageuza ukurasa. Wanachokataa hawa watu ni kufichwa."

Kisha akafunua jalada, akasoma kidogo, akakunja uso.

"Lakini hapa kuna kitu. Mlalamikaji kwenye maelezo yake ya kwanza alisema aliona kijana akikimbia. Wewe wakati huo ulikuwa mtu wa miaka hamsini." Akalifunga jalada. Halafu akasema polepole, akitazama meza na si mtu: "Kama kulikuwa na kosa katika hukumu hii, aliyetenda akaja hapa akaapa, mimi naweza kuandika barua iambatane na cheti. Ubalozi ungeona mzee alijibu ukweli. Sina haja na kumshtaki mtu kwa jambo la zamani namna hii. Ila kiapo kitakuwa na jina, na jina litaonekana."

Baba hakunigeukia. Hilo ndilo ninalomkumbuka nalo kuliko yote. Alikaa ameshika kofia magotini, anatazama mbele, amenipa nafasi yote aliyoweza kunipa. Ukutani kulikuwa na kalenda. Niliisoma kalenda. Nilikuwa nasubiri kupandishwa cheo mwaka ule, nilikuwa katibu wa tawi kazini, na kila wiki tulikuwa tunasomewa juu ya watumishi wasio waaminifu. Nina watoto wanne, nikajiambia. Nilijiambia na mengine, yote yalikuwa na akili.

Ofisa alisubiri muda ambao hakuwa na lazima ya kuusubiri. Mwisho Baba akasema, "Hakuna kosa, afande. Andika kama ilivyo."

Tulikwenda hadi stendi, na ndani ya basi alianza kunieleza juu ya wadudu wa kahawa, kwamba mwaka huu wameanza mapema. Nilimjibu. Tuliongea juu ya wadudu mpaka tuliposhuka.

Barua ya ubalozi ilikuwa ya aya moja. Mwombaji ametoa maelezo ya uongo, ombi limekataliwa, na hataruhusiwa kuomba tena. Nilimtafsiria, nikaliruka neno uongo. Baba akasema sawa. Lile sanduku akaligawa siku ileile kwa mjukuu wa jirani aliyekuwa anakwenda shule ya bweni.

Baba mdogo alikuja Bomang'ombe kunitafuta, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Tulisimama nyuma ya ofisi, penye matangi ya maji. Alikuwa mzee sasa, anapumua kwa shida.

"Nilikuona," akasema. "Sikukaa misani mpaka mwisho siku ile. Nilikuona ukiruka mfongo na panga, na niliwaambia polisi kijana kwa sababu sikuweza kutaja jina lako. Baba yako aliponiletea isale nilijua analeta ya nani. Nikaipokea. Kwa hiyo mimi siwezi kwenda kusema. Wewe hukuniletea isale yoyote. Wewe hujafungwa mdomo na kitu."

Nilimwambia nitalifikiria. Ndivyo tunavyowaambia watu dirishani, na wakisikia hivyo huwa wanaelewa, wanaondoka. Naye akaelewa, akaondoka.

Baba aliishi miaka minne baada ya hapo. Dada aliandika kila mwezi akiuliza kama kuna rufaa, kama kuna mtu wa kuonwa, na mimi nilikuwa namjibu kwamba ofisi zinachelewa. Nilipanda cheo. Wiki za mwisho Baba alikuwa akiniita kwa jina la dada, ananishika mkono na kuuliza nimefika na nani. Nilikuwa namwambia nimefika peke yangu.

Dada alipata ndege siku moja baada ya mazishi. Nilimpeleka kaburini, kati ya migomba, udongo bado unateleza. Alikuwa amevaa viatu vya huko kwao. Akaniuliza, kwa Kiswahili kilichokuwa kimeanza kumtoka, ni kitu gani hasa kilichomzuia Baba kuja.

"Alijaza fomu vibaya," nikasema.

Akatikisa kichwa, machozi yanamtoka. "Maskini Baba. Hakujua Kiingereza."

"Hakujua," nikasema.