Mgomba wa Kumzika Mtoto wa Jirani

Safari yangu ndefu kabisa ni ya kutoka jikoni hadi kwenye kibanja, shamba letu la migomba na kahawa hapa Kaisho. Nilimaliza kidato cha nne nikarudi kulala. Kaka yangu ndiye aliyekwenda: jeshini, kwenye ujasusi wa kijeshi, mpaka akawa mkuu wa wapelelezi. Kuna waliosema ametuokoa na mabaya mengi. Wengine walisema anapoteza watu. Nikiulizwa sokoni nilijibu, "Mimi hata mbuzi wangu akikata kamba sijui alipo."

Alipostaafu akarudi, akawa anakaa barazani kwangu na redio asiyoiwasha. Alinichosha upesi. Ukimuuliza kama chai imekolea sukari, anafikiri kwanza.

Kila asubuhi alikuja jirani yetu, mama mzee. Mwanawe alichukuliwa na watu wasiojitambulisha alipokuwa akivusha kahawa mpakani, miaka ile kaka alipokuwa mkubwa kule jeshini.

"Shikamoo, mama," kaka humwamkia.

"Marahaba. Mwanangu yuko wapi?"

"Hayo ni mambo ya kazi, mama."

"Sikuulizi kazi. Nakuuliza mtoto." Kisha ananigeukia mimi. "Na wewe mlinzi wa jiko, mpe mkubwa wako chai, koo limemkauka."

Hakutaka kesi. Kwetu, asiyepatikana mwili huzikiwa shina la mgomba, ndipo matanga yanaisha. Ila ukizika mgomba na mtu yu hai, umemfukia yeye mwenyewe. Basi mama yule hakuwa amezika, na kila jioni bado alimwekea mwanawe chakula.

Siku moja hakungoja shikamoo. Alikaa chini kama mzigo ulioshushwa.

"Naumwa," alisema. "Nikiondoka, hakuna wa kumsubiri wala wa kumzika. Usiniambie nani alifanya. Nizike, au nisizike?"

Kaka aliitazama mikono yake. Nilijua inakuja ile ya mambo ya kazi.

"Zika, mama."

"Tangu lini?"

"Wiki ile ile aliyochukuliwa."

"Na ndizi zote zile nilizopika," mama alisema.

Kaka aliinuka, akachukua panga, akaelekea kwenye migomba.

"Acha," mama alimwambia. "Si kwa mkono wako." Akaninyooshea mimi kidole. "Kata wewe. Leo utatoka jasho."

Nikakata. Nikaubeba mgomba begani kuelekea kibanjani kwa mama, maji yake yakinichuruzika mgongoni, nikijutia kila siku niliyolala badala ya kulima. Kaka alitufuata hadi mpaka wa vibanja akasimama. Hakuna aliyemkataza, hakuna aliyemkaribisha.

Nilichimba, nikapumzika, nikachimba tena. Mama alikaa kando ya shimo akimwita mwanawe kwa jina, taratibu, bila kuuliza tena yuko wapi.