Mbio Yenye Sikuona

Kila mara nasikia harufu ya mupira ya gurudumu ya kinga, yenye bantu banakataka kamba za kufungia mizigo, nacheka peke yangu.

Ile siku jirani yetu alikuwa anangojea kamyo ya kumupeleka ku gare ya treni na bibi yake, juu bakubwa ba jimbo yetu banasema ni bantu ba Kasai, jimbo ingine, barudi kwabo. Televizyo yake ilikuwa imefungwa mu blanketi na ile kamba. Mi, bila haya, nikamwambia: «Tata, saa hii ni finale ya mita mia, ya dunia nzima. Ulituahidi tutaiangalia kwako.»

Bibi yake akasema: «Huyu mutoto hana na kichwa.»

Tata jirani akafungua kamba zote. Picha ikakataa, akanituma inje nishike muti ya antene.

«Iko muzuri?»

«Muzuri, usitikisike.»

Nikasimama kama nguzo. Mu nyumba bakapiga makelele, mbio ikaisha. Sikuona hata kisigino.

Tata akafunga televizyo tena, akaipakiza mu kamyo, akarudi kwangu na biatu bya safari. «Angalia. Mwenye kushinda alikimbia hivi.» Akatoka mbio ku mulango mpaka ku kamyo, mikono juu, bibi yake anacheka na machozi.

Mpaka leo, bantu bakibishana nani alishinda, mi najibu: jirani yetu. Nilimuona na macho yangu.