Fungu Nililolifuta Kabla ya Siku ya Barua ya Tumaini

Naomba nilitoe mapema lile la aibu ili mcheke mara moja mmalize: mimi Debora, mwenye cheti cha kidato cha nne kilichokunjwa ndani ya Biblia ya mama, nilifuta kwa mkono wangu kitu ambacho sikujua ni kitu gani, kwa sababu tu mashine haikunikataza. Sikulazimishwa, sikuwa nimelewa, wala hakuna aliyenituma. Nilikuwa nimekaa kitandani na khanga yangu, nakunywa uji, nimejaa akili hadi zinamwagika.

Mnanijua, kutoka mimi sipendi. Wenzangu hapa Kinampanda wanakwenda mnadani, wanakwenda Kiomboi kufuata sabuni ambayo ipo dukani hapo mbele, mimi nipo ndani. Sasa mtu wa kukaa ndani asiye na mume wala cherehani lazima apate ugonjwa wa kujitafutia, na wangu ukawa kisanduku cha kugawa intaneti nyumbani, yaani ruta. Binamu yangu wa Singida Mjini alikuwa anakitupa, nikakiokota, nikaangalia video za watu wanaoongea haraka, nikakiwekea mfumo mpya, nikakifunga antena juu ya mlingoti, kikawaka. Kuanzia hapo tukaacha kupanda jiwe. (Kwa asiyekujua kwetu: tuko bondeni, simu ndani ya nyumba haishiki mtandao hata ufanyeje, kwa hiyo zamani mwenye shida ya kupiga simu alipanda lile jiwe kubwa nyuma ya kwa jirani yetu Mama Kitundu, anasimama kileleni kama kondoo aliyepotea, anaongea.) Watu wakaanza kuniita injinia. Walikuwa wananitania, lakini mimi nikaitika.

Sasa mdogo wangu Tumaini akapata mchumba, Yona, dereva wa malori. Barua ya posa ikapangiwa Jumamosi. Yona naye alikuwa aje mwenyewe, ila lori lake likakwama foleni ya mpakani Tunduma, na baba yetu, Mzee Mkumbo, ana msimamo wake: alikuwa hajawahi kumtia machoni huyo kijana, akasema wazi mbele ya shangazi, "Simuoni, simsikii, barua yao nayo inarudi ilikotoka." Tumaini akalia. Mimi nikasema, kwa sauti ya mtu anayejua mambo, "Baba, utamuona hapa hapa sebuleni, mkubwa kama mlango. Niachieni mimi."

Wakaniachia. Hilo ndilo kosa lao, lililobaki lote ni langu.

Ingetosha kuacha kisanduku kama kilivyo. Kilikuwa kinafanya kazi! Lakini Ijumaa asubuhi likanijia wazo kwamba mgeni akijiunga na intaneti yetu simu yake ifungue kwanza ukurasa wa kumkaribisha, maandishi makubwa KARIBUNI KWA MZEE MKUMBO, picha ya Tumaini amevaa kitenge, na pembeni kidogo picha yangu mimi, chini yake "Mratibu wa Mitandao". (Ndiyo, niliandika hivyo. Chekeni.) Nikapakia picha, kisanduku kikakataa, nafasi haitoshi. Mtu mwenye akili za kawaida angepunguza picha. Mimi nikaamua kupanua kisanduku.

Niwaeleze kidogo, maana siku hizi nimeelewa, nimechelewa tu. Ndani ya kile kisanduku kuna chipu ya kumbukumbu iliyochomewa kwenye bodi. Siyo kama ile flashi ya kuchomeka tunayowekea nyimbo za kwaya, maana flashi ya dukani ina kijiakili chake humo ndani kinachojua sehemu ipi imechoka na ipi bado nzima. Hii ya kisanduku ni mbichi, haina mtu wa kuiangalia. Ukiandika na kufuta palepale kila siku panachakaa mpaka panakufa. Kwa hiyo mfumo wenyewe ndio unafanya usimamizi: unahamisha maandishi huku na huku ili pachakae sawasawa, palipokufa unapaweka kando, kisha nafasi iliyobaki unaigawa mafungu, kila fungu na jina lake na kazi yake.

Mimi nilikuta mafungu matatu. Moja kubwa la mfumo, moja la vitu vyangu ambalo ndilo limejaa, na moja dogo lenye jina nisilolijua, limekaa tu. Nikafanya uchunguzi wa kisomi. Nikaamuru lile kubwa lifutwe, mashine ikakataa, ikasema linatumika. Vizuri. Nikaamuru lile dogo lifutwe, mashine ikanyamaza, nikaangalia, halipo. Nikajipigia makofi. Hesabu yangu ilikuwa hii: cha muhimu kinakataa kufutwa, kinachokubali kufutwa ni takataka. Ni kama mtu apite stoo mwezi wa nane, akute kibuyu cha mbegu kimefunikwa, hakuna anayekigusa, aseme hiki hakina kazi, akaange mbegu zote ale. Kile kifungu, rafiki zangu, ndicho kiini cha mfumo mzima. Kinasomwa mara moja tu, kisanduku kinapowashwa. Kikishasomwa kinaachwa kimelala mpaka siku ya kuwashwa tena, ndiyo maana mashine haikukataa, na haikunidanganya.

Basi nikalinyoosha fungu langu likameza nafasi yote, picha ikaingia, ukurasa ukafunguka, na intaneti ikaendelea kama kawaida, maana hakuna aliyekuwa amezima kisanduku. Ijumaa nzima ikafanya kazi. Jumamosi saa mbili nikampigia Yona kwa video, sura yake ikaja safi, mpaka chunusi nikaiona. Baba wakati huo alikuwa amekwenda kumchukua baba mdogo. Nikamwambia Tumaini, "Umeona? Mwambie mumeo anyoe."

Washenga wakafika saa tano, watu wanne, kiongozi wao Mzee Elia, ana koti zito la suti katika jua lile na anaongea kama anasoma risala hata akiomba maji. Nyuma yake Mwalimu Saimoni, mtu mzima mwenye simu mbili. Huyo ndiye aliyejiunga na intaneti, ukurasa ukafunguka, akasoma, akanitazama, akatazama tena simu.

"Mratibu wa Mitandao ndiye nani?"

"Ni mimi, mwalimu."

"Ahaa. Kumbe mna hata uongozi."

Nikachukulia kwamba amenisifu.

Kuku walikuwa jikoni, wageni sebuleni, mimi nasubiri ishara ya baba nimpigie Yona. Hapo ndipo shangazi yetu akapita na jagi la umeme la kuchemshia chai, akatafuta soketi, akaiona moja, ina kitu kidogo chenye vitaa. Akachomoa. Niliporudi nikakuta jagi linanguruma.

"Shangazi, umechomoa nini?"

"Kikebe chako. Dakika mbili tu, wageni wanywe chai. Kwani kitakufa?"

Nikacheka hata mimi. Nikakirudisha kwenye umeme. Kikawasha taa moja nyekundu, ikapepesa, ikapepesa, kama mtu anayejaribu kukumbuka jina la mgeni aliyesimama mbele yake. Nikasema dakika mbili. Baada ya dakika kumi baba akakohoa. Baada ya dakika ishirini nikawa nimekaa chini sakafuni mbele ya wageni, kisanduku mapajani, nakichomoa na kukichomeka, jasho linanitoka, na palepale, kwa uwazi ambao sikuwahi kuupata darasani miaka minne, nikaelewa lile fungu dogo lilikuwa la nini.

Mngedhani nilisema ukweli. Nikasema, "Ni mnara. Mnara umezima."

Mwalimu Saimoni akatoka nje, akapanda kidogo kule kwa Mama Kitundu, akarudi na zile simu zake mbili. "Mnara uko hai, dada mratibu. Pale juu inashika vizuri kabisa."

Baba akanitazama. Mzee Elia akasafisha koo: "Ndugu zetu, tumetoka mbali, na barua hii ina sharti moja. Kama mtandao haushuki, basi sisi tupande."

Na ndivyo tulivyopanda. Baba yangu ana goti bovu tangu alipoanguka na baiskeli, tukamvua viatu, baba mdogo anamvuta mkono, Mzee Elia anamsukuma nyuma huku koti limemfunika kichwa, Tumaini na kitenge chake kipya anapanda kwa magoti, na njiani tunapishana na mbuzi wanaotushangaa. Mimi nikabaki chini dakika moja nikiwaza nifanye nini kuokoa jina langu. Nikakumbuka kwamba juu ya jiwe kuna upepo na simu haitasikika, na baba masikio yake ni ya kubembeleza. Nikakimbia ndani nikachukua spika ya betri, ile kubwa ya kwaya tuliyokuwa tumeiazima kwa ajili ya muziki. Nikaibeba kichwani hadi kileleni. Nikaiunganisha na simu ya mwalimu, tukampigia Yona kwa video. Nikaipandisha sauti hadi mwisho.

Hapa lazima mjue jambo. Kwetu mambo mazito ya posa huulizwa ndani, mlango umefungwa, watu wachache, na washenga wanajibu kwa maneno ya kuzungukazunguka mpaka lile gumu linalainika. Tumaini na Mzee Elia walikuwa wamepanga lipo moja la kusemwa hivyo, taratibu, baada ya chakula. Mimi sikuambiwa. Nadhani mnaelewa kwa nini.

"Shikamoo, baba!" Sauti ya Yona ikatoka kwenye spika ikagonga mlima wa pili ikarudi.

"Marahaba. Wewe ndiye Yona?"

"Ndiyo, baba."

"Mbona una kofia?"

"Jua, baba. Niko kwenye foleni."

"Vua nikuone."

Akavua. Baba akasogeza simu mpaka puani, akamtazama muda mrefu, nikaona uso umelegea kidogo, nikaanza kupumua. Ndipo akauliza, "Una mke popote?"

"Sina, baba."

"Mtoto?"

Mzee Elia akanyanyua mkono, "Mzee mwenzangu, hilo tulikuwa tu..." lakini spika haina adabu.

"Ninaye mmoja, baba. Wa kike."

Chini bondeni kulikuwa na sauti ya watu wanaopura alizeti kwa fimbo. Ikakoma. Nimeikuta misiba yenye kelele zaidi.

"Anaitwa nani?"

"Anaitwa Neema, baba. Ana miaka minne. Anakaa kwa mama yangu, Singida. Mama yake alishaolewa kwingine."

Nikainama kutafuta kitufe cha kupunguza sauti, nikabonyeza kingine, spika ikasema kwa Kiingereza kwamba iko tayari. Baba akakaa juu ya jiwe. Akamgeukia mdogo wangu.

"Tumaini, ulijua?"

"Nilijua, baba." Hakuangalia chini. "Ningekuambia leo, ndani. Mzee Elia alikuwa aseme baada ya kula." Kisha akanitazama mimi. Lile jicho ninalo mpaka leo.

Baba akaisogeza tena simu puani. Upepo unampeperusha shati. Akasema polepole, "Kijana, hukunidanganya, nimesikia. Ungejaribu kunidanganya kwa sauti hiyo, wangesikia na watu wa Kiomboi." Akanyoosha mkono ainuliwe. "Niteremsheni, jua kali."

Tulikula bila hadithi. Baada ya chakula baba akaichukua barua, akaiweka mfukoni, akasema, "Barua imebaki kwangu. Jibu nitatoa siku Yona atakapokuja na huyo mtoto nimuone." Mzee Elia akashukuru kwa maneno mengi. Tumaini hakusema nami siku nne, siku ya tano akaniomba chumvi, nikalia kwa furaha jikoni.

Kisanduku kipo juu ya kabati. Wanasema kinaweza kufufuliwa kwa kuchomea nyaya kwenye bodi na kukirudishia lile fungu, na ninajua pa kuanzia, ila nimeapa mbele ya shangazi na jagi lake: kitu nisichojua kazi yake sikifuti, hata kikinikubalia, hata kikinibembeleza, na kilichofutwa nitakisema siku hiyohiyo, sitamsingizia mnara wa watu.

Jumatatu ile, Tumaini bado hajanisemesha, nikapeleka sahani za kuazima kwa Mama Kitundu. Nikampa shikamoo, nikajiandaa kumweleza, kwa heshima, kwamba yaliyotokea ni ya kifamilia na ningependa yabaki hivyo. Alikuwa anapepeta alizeti. Hata ungo hakuuweka chini.

"Usijichoshe, Debora. Nilikuwa shambani ng'ambo ya korongo na nilisikia kila neno. Soksi za huyo Neema nimeshaanza kufuma, we niambie tu mguu wake una ukubwa gani, maana hilo tu ndilo hamkulitangaza."