Sabuni Chini ya Tangi

Gari la baba lilikuwa la Kifaransa, la zamani, refu kwa nyuma, na rangi yake bila shaka iliwahi kuwa nyeupe. Alilikuta Mbarara, nyuma ya duka la mfanyabiashara mmoja Mwislamu, kuku wakitagia kwenye kiti cha dereva. Kwetu Kivu ya Kusini, kabla hatujawa wakimbizi, baba alikuwa dereva wa misheni, na gari alilokuwa akiendesha huko lilikuwa la aina hiyo hiyo. Alimtengenezea yule mfanyabiashara malori yake msimu mzima wa mvua, naye akamwachia gari. Mama alipoliona likiingia uani kwetu kambini Nakivale likivutwa kwa kamba, alicheka hadi akakaa chini. Baadaye aliacha kucheka, maana lile gari lilitulisha.

Sasa mtu aliyelifufua gari la namna ile, unamwambiaje kwamba kichwa chake kimeanza kumtupa mkono?

Kaka yangu mkubwa ndiye aliyeanza kulisema. Yeye anafanya kazi Mbarara. Alisikia kwamba baba amekwenda Kabazana, pale wanapopokelewa wageni wapya, kuchukua familia moja na magodoro yao awapeleke kwenye kiwanja walichogawiwa. Baba akawapeleka kwenye kiwanja chetu cha kwanza, tulichokihama miaka mingi iliyopita. Akashusha magodoro mbele ya mlango wa watu wengine, akaanza kuwaonyesha wageni choo kiko wapi. Majirani walicheka. Kaka hakucheka. Alisema ufunguo wa gari uchukuliwe kabla baba hajaua mtu.

Mimi nilimjibu vibaya. Nilimwambia anayekaa mjini hapati shida kusema hivyo, kwa kuwa si yeye atakayemtazama baba usoni asubuhi baada ya kumnyang'anya ufunguo. Tulikuwa hatujapatana bado gari lilipoanza kuvuja.

Ilikuwa kiangazi. Tuliamka harufu ya petroli imejaa uani. Mama alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, lakini pua yake ilikuwa nzima, na ndiye aliyetuamsha. Baba aliniagiza kwanza niondoe mbabula, jiko letu la mkaa, niipeleke nyuma ya nyumba. Kisha akatandika gunia, akaingia chini ya gari, akalipapasa tangi mpaka akaupata ufa mdogo kwenye maungio, vumbi limelowa pembeni yake. Kulichomelea tangi kulitaka lifunguliwe na kuoshwa hadi mvuke wa petroli uishe, la sivyo linalipuka, na fundi wa kazi hiyo alikuwa Mbarara. Hilo baba alisema litangoja mavuno.

Kwa siku ile aliomba sabuni ya kipande, ile ngumu ya kufulia. Aliikwangua kwa kisu, akaikanda vidoleni mpaka ikalainika, akaisukumiza ndani ya ufa kwa dole gumba, akapaka nyingine juu yake. Mimi nilikuwa nimelala ubavu kando yake, nikimmulikia kwa simu. Matone yalipungua, yakakoma.

"Esansi haiweze sabuni," aliniambia. Esansi ndiyo petroli kwa lugha ya kwetu, na mayi ni maji. "Mwenye anaiweza ni mayi. Usisahau ile."

Siku hiyo hiyo nilimpigia kaka. Nilimwambia kwa majivuno kwamba mtu aliyepotewa na akili hawezi kuziba tangi vile. Kaka akakubali tungoje. Mama alikuwa na siku yake ya kutazamwa macho hospitali kule Ruharo, Mbarara. Baba angeendesha, kaka angekaa kando yake na kujionea. Akiendesha vizuri, ufunguo ubaki kwake na maneno yaishe. Nilikata simu nikijua nimeshinda.

Siku moja kabla ya safari nilikwenda sokoni. Wakati wa kurudi, harufu ilinipokea kabla sijaufikia ua wetu. Nilitupa mboga nikakimbia.

Ua wote ulikuwa umelowa na gari linang'aa. Mbabula ilikuwa mahali pake pa kila siku, maharagwe yakitokota, na mama ameketi mbele yake akilalamika kwamba ameshamwambia baba kuna petroli inanuka, na baba kila mara anamjibu hakuna kitu. Niliinyakua mbabula kwa pindo la kitenge, sufuria na vyote, nikaikimbiza nyuma ya nyumba. Maharagwe yalinimwagikia mguuni, na kovu ninalo mpaka leo. Wakati ule sikuhisi hata maumivu.

Baba alikuwa chini ya gari, chali, na ndoo na burashi, akiimba wimbo wa kanisani. Hakuwahi kuingia Mbarara na gari chafu, na usafi wake ulikuwa wa juu na wa chini. Povu lilimtiririkia kifuani pamoja na petroli, shati limegandamana na mwili. Nilimshika miguu nikamvuta nje. Nilikuwa na woga, na hasira pia, hasira mbaya, ya mama ambaye mtoto wake amekimbilia barabarani. Nilitaka kumpiga baba yangu.

Kaka alikuwa amesimama penye ua na begi begani. Alikuja kulala kwetu ili tuondoke mapema. Sijui alikuwa ameona kiasi gani.

Baba alipangusa uso, akainama kutazama nilichokuwa namwonyesha. Palipokuwa na sabuni palikuwa na bati tupu, safi kabisa, na tone likianguka, na jingine nyuma yake. Uso wake ukabadilika. Alikuwa fundi tena, fundi aliyeharibiwa kazi yake. Aliinuka, burashi ikichuruzika maji mkononi mwake.

"Nani alisafisha huku chini?"

Mama alifungua mdomo. Nilimwahi.

"Ni mie, papa."

Ningefurahi angenigombeza. Badala yake aliniita kwenye gunia, akakausha bati kwa kitambaa, akaomba sabuni, akaanza kunieleza polepole kwamba petroli haiiwezi sabuni lakini maji yanaiweza. Alinieleza kwa upole, kama jambo ambalo sijawahi kulisikia maishani. Niliitikia kwa kichwa. Niliuliza na maswali. Dole gumba lake lilifanya kazi ile ile, bila kukosea hata kidogo, na hilo ndilo lililoniumiza kuliko yote. Nilishukuru kwamba petroli inawasha macho, kwa hiyo hakuna aliyeniuliza kwa nini yangu yamejaa machozi.

Matone yalikoma. Baba alitoka chini ya gari, akajifuta mikono, akatoa ufunguo mfukoni, akamvuta kaka pembeni. Alidhani siwasikii.

"Shika weye," alimwambia. "Dada yako anaanza kusahau-sahau. Usimuachie hii motokari. Lakini usimuambie kitu, atasikia haya."

Kaka aliupokea ufunguo kwa mikono miwili, akasema, "Ndiyo, papa."