Mke Wangu Alisikia Kwanza

Kwa miezi mitatu nilijifunza Morse, ile milio ya kutumiana ujumbe kwa redio, jikoni kwetu mtaani Satellite, nikigonga meza kwa kijiko: mlio mfupi, mlio mrefu, kila herufi na milio yake. Mke wangu alikuwa akikanda unga wa chapati huku akilalamika kwamba namtia wazimu.

Jumamosi moja tulipanda vilima vya Ngong, mimi na redio yangu ndogo mgongoni, yeye na chupa ya chai. Nikasimamisha mwanzi wenye waya wa antena, nikaanza kuita kwa Morse yeyote anayenisikia. Si nikajibiwa! Lakini huyo mtu wa mbali alituma kwa kasi, nami kwa furaha nikasahau herufi zote. Karatasi ikabaki nyeupe.

"Anauliza jina lako," mke wangu akasema.

"Umejuaje?"

"Baba watoto, miezi mitatu umenipigia hizo kelele. Ulidhani nina masikio ya mapambo?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye nyasi. Kisha nikampa kalamu. Yeye akaandika, mimi nikagonga, tukaongea na yule mtu, kumbe yuko Kisumu, mpaka betri ikaisha.