Asubuhi Mkaguzi Alipoomba Faili Moja

Kwenye kituo kile cha kusafisha damu, hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Bi Nywila. Jina alipewa na wauguzi, kwa sababu kila alipopita mapokezi hakukosa la kusema: nani kaandika nywila yake, neno lake la siri la kufungulia kompyuta, kwenye kikaratasi na kukibandika kwenye skrini, nani kafungua barua pepe ya mtu asiyemjua. Wauguzi wakimwona kwa mbali hukonyezana. "Ficheni vikaratasi, askari huyo anakuja!" Naye hucheka nao, kisha hukibandua kikaratasi akakitia mfukoni.

Ndiye aliyekuwa mtunza kompyuta peke yake. Kila kitu kuhusu mgonjwa kilikaa kwenye seva, kompyuta kubwa iliyofungiwa katika chumba kidogo kando ya matangi ya maji: uzito wake, dawa zake, kiasi cha maji ya kutolewa mwilini kila anapokuja. Muuguzi akizidisha kiasi hicho, mgonjwa anaweza kuzimia kitini. Bi Nywila hakuhitaji kuelezwa, maana dada yake, wa tumbo moja, alikuwa mmoja wa wagonjwa hao. Kiti chake kilikuwa karibu na dirisha.

Hofu ilianza pale zahanati ya mtaa wa pili ilipotekwa. Watu wasioonekana waliingia kwenye kompyuta zake kupitia mtandao, wakayafunga mafaili yote, wakaacha ujumbe wa kudai malipo ndipo wayafungue. Zahanati ikafunga milango. Tangu siku hiyo Bi Nywila hakula akashiba. Daktari mkuu, mwenye kituo, naye roho ilikuwa juu juu. Akamwita mkaguzi aje kuwapima: je, wanaweza kuwazuia watu hao wasiingie? Na wakishaingia, kituo kitasimama tena?

Mkaguzi alikuwa mama wa makamo, mfupi, mwenye sauti ya chini ya mtu aliyezoea kutoa habari mbaya.

"Shikamoo, mama," Bi Nywila alimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Nipeleke kwenye seva yako."

Waliingia kwenye kile chumba, daktari nyuma yao. Feni ya seva ilikuwa ikinguruma.

"Wakikufungia kila kitu asubuhi hii," mkaguzi aliuliza, "utaanzia wapi?"

"Nitarudisha nakala. Kila siku seva inajinakili yenyewe kwenye ile diski pale."

"Umewahi kujaribu kuirudisha?"

Bi Nywila alielekeza kidole kwenye skrini. "Kila siku inaniandikia kwamba imefaulu."

"Sijauliza inachoandika. Nirudishie faili moja tu, la mgonjwa yeyote."

Vidole vyake vilikwenda kwenye faili la dada yake bila kufikiri. Akachukua nakala ya jana, akaifungua. Hakukuwa na jina wala uzito. Zilijaa alama zisizosomeka, mstari juu ya mstari. Akafungua la mgonjwa mwingine: yale yale. La tatu: yale yale.

"Labda diski imeharibika," daktari alisema.

Mkaguzi alivuta kiti, akaipitia orodha ya watu wenye ruhusa ya kuingia kwenye seva. "Huyu aliyejiita 'msaidizi' ni nani?"

"Hatuna msaidizi," Bi Nywila alisema.

"Basi kuna mgeni. Ameziharibu nakala kwanza ili msiwe na pa kukimbilia. Na yumo humu sasa hivi."

Bi Nywila aliitazama skrini kama mtu anayesikia pumzi nyuma ya pazia la chumba chake mwenyewe.

"Zima kila kitu!" daktari alipaza sauti.

"Usizime," mkaguzi alimzuia. "Tutapoteza nyayo zake. Kateni mtandao. Waya zote, haraka."

Bi Nywila aliung'oa waya wa seva, akatoka mbio. Alichomoa ofisini, akachomoa kwenye duka la dawa. Alipofika mapokezi alimkuta karani amesimama, mkono mdomoni. Skrini yake ilikuwa nyeusi, na maandishi mekundu yalikuwa yakijipanga katikati: mafaili yenu tumeyafunga. Bi Nywila akainama chini ya meza na kuuchomoa ule waya.

Waya wa mwisho, wa kompyuta ya wauguzi, ulikuwa kwenye chumba cha wagonjwa; akauchomoa. Mashine za kusafisha damu zilikuwa zikizunguka taratibu. Hizo hazikuunganishwa na mtandao. Alishusha pumzi, kisha wazo likamchoma: kiasi cha maji cha asubuhi hii, wauguzi wamekisoma kutoka kwenye seva. Je, kama mgeni yule amezigusa namba hizo pia?

"Mdogo wangu, mbona unahema hivyo?" dada yake aliuliza.

"Dada, unajisikiaje? Kichwa hakizunguki? Niambie kweli."

"Kinazunguka kwa kukutazama wewe. Kuna nini?"

Bi Nywila alimwita daktari, naye akaja akimpima mgonjwa mmoja baada ya mwingine, akiwauliza uzito wao, akiulinganisha na uliokuwa kwenye mashine. Bi Nywila alisimama ukutani, akiukodolea macho mkono wa dada yake uliokuwa na mirija. Muda ule ulikuwa mrefu kuliko mwaka.

"Namba ni zenyewe," daktari alisema hatimaye. Bi Nywila akakaa sakafuni, palepale.

Wagonjwa wa mchana walipelekwa hospitali nyingine. Mkaguzi alibaki, akachimbua. Seva yenyewe ilikuwa imeponea chupuchupu. Mgeni alikuwa amekwisha kuyafunga mafaili ya mapokezi na ya duka la dawa, ndiyo kwanza anaingia kwenye ya wagonjwa. Nakala za zamani kidogo zilifunguka. Habari zilizopotea, wauguzi waliziandika upya kwa mkono, mgonjwa kwa mgonjwa. Waliotuma ujumbe mwekundu hawakujibiwa.

Na mlango aliopitia mgeni? Nywila ya daktari mkuu. Ilikuwa jina la kituo, basi; alipoingia nayo akajipa jina la 'msaidizi'. Bi Nywila alikuwa amewasumbua watu wote isipokuwa bosi wake, kwa kumwogopa.

"Ungeniambia," daktari alisema, ameinamisha kichwa.

"Ungenisikia?"

Siku hizi kuna diski ya pili inayonakiliwa kisha kuchomolewa na kufungiwa mbali, na kila mwezi wauguzi hufanya kazi asubuhi nzima bila kompyuta. Dada yake hulalamika kwamba anaulizwa uzito wake mpaka anachoka. Bi Nywila hujaribu kurudisha faili kila wiki. Linapofunguka, likawa linasomeka, hukaa akilitazama kidogo kabla ya kuamini.